Samaki gani wanafaa tangi la lita 40 kwa maji ya kisima hapa Unguja?

Mama wa Ghorofani, Michenzani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita mjomba wake mwanangu alimletea zawadi ya samaki wawili wa dhahabu ndani ya bakuli la kioo la mviringo, ambalo kwa makisio yangu lilikuwa likichukua lita 5 za maji. Muuzaji alimhakikishia kwamba samaki hao ni wagumu, hawahitaji pampu ya hewa, na kwamba kuwamwagia maji yote na kuwatilia mapya kila Ijumaa kunatosha. Wa kwanza alikufa siku ya nne. Wa pili alikufa siku ya kumi na moja, baada ya kushinda siku mbili akitweta juu ya maji kama mtu aliyepanda ngazi zetu na gunia la mkaa begani.

Mtoto ana miaka tisa na alilia sana, na baba yake kwa huruma akaenda kwa fundi wa vioo akamtengenezea tangi lenye urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na kimo cha 30. Sasa mtoto ameandika orodha ya wageni wake: samaki wa dhahabu wawili, neoni kumi, samaki malaika mmoja, beta wawili wa rangi mbalimbali ili wasione upweke, na yule samaki mweusi anayeramba kioo. Nimeizuia orodha hiyo chini ya mto wangu mpaka nipate ushauri wa watu wanaojua.

Naomba mzingatie hali yetu. Maji tunayotumia ni ya kisima, yanapandishwa kwenye tangi la plastiki lililo juu ya paa, na birika letu la chai hupata utando mweupe kila baada ya wiki chache. Umeme hukatika. Mara nyingine maji hayapandi, na hapo ndoo huteremka mikononi kisha ikarudi kichwani. Je, kwa hali hii, ni samaki gani tunaoweza kuwaweka bila ya kuwazika tena?

Maalim wa Wete

Wa alaykumu s-salaam, dada yangu, na pole kwa msiba wa mtoto. Nimesomesha bayolojia kwa miaka mingi, Unguja kwanza na sasa Pemba, na katika kona ya darasa langu hapajakosekana tangi la samaki. Naomba nianze na maji kabla ya samaki, kwa sababu wengi wetu huchagua samaki kwa rangi yake dukani, ilhali samaki mwenyewe hajali rangi ya mwenzake hata kidogo. Anachojali ni maji anayoyavuta kwenye mashavu yake usiku na mchana.

Ule utando mweupe wa birika lako ni chokaa. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mvua inapozama katika mawe hayo huyeyusha chokaa na kuibeba mpaka kisimani, ndiyo maana tunasema maji ni magumu na sabuni haikupi povu kirahisi. Maji ya aina hii huwa na pH (kipimo cha asidi, ambacho 7 ndiyo katikati na chini yake ni asidi) iliyo juu ya 7, na mara nyingi hukaribia 8. Jambo hilo lina faida na lina hatari, na yote mawili yanahusu uchaguzi wako.

Faida yake ni kwamba wapo samaki waliozoea maji magumu tangu asili yao, kama vile gapi, plati na moli, ambao wote asili yao ni mito na vijito vya mabara ya Amerika. Moli ndiye shujaa wao, kwani huvumilia hata maji yenye chumvichumvi, kwa hiyo aliyejaaliwa kisima kilichoingiliwa na bahari asikate tamaa. Neoni ni kinyume chao. Nyumbani kwake ni vijito vya Amazon, ambako maji ni laini, yana asidi, na yana rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza; na zaidi ya hayo neoni anapenda maji yasiyozidi nyuzi 26 hivi, kiwango ambacho chumba cha ghorofani wakati wa kaskazi hakiwezi kukipa bila ya mashine ya kupoza.

Hatari ni amonia. Kila samaki hutoa amonia kwa kupumua na kwa haja yake, na chakula kilichobaki chini nacho huoza kikatoa amonia. Katika maji yenye pH ya 7 sehemu kubwa ya amonia hiyo huwa katika umbo lisilodhuru sana, lakini pH ikipanda kwa kipimo kimoja tu, sehemu iliyo sumu huongezeka takriban mara 10, na joto nalo huizidisha. Kwa hiyo maji yetu, ambayo ni ya chokaa na ya moto, hayasamehe tangi lililojaa samaki kama yanavyosamehe maji ya nchi za baridi ambako miongozo mingi huandikwa. Samaki wako wa dhahabu hawakufa kwa sababu ni dhaifu, wala kwa sababu mtoto hakuwatunza. Walikuwa wawili ndani ya lita 5, ni jamii inayokula sana na kuchafua sana, asili yao ni maji ya baridi, na samaki wa dhahabu wa kawaida akipata nafasi hupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Kutweta juu ya maji ndiko kulikokuwa kilio chao.

Tuipitie basi orodha ya mtoto, kwa heshima zote. Samaki wa dhahabu waondoke. Neoni nimeshawataja. Samaki malaika, yule mwembamba mwenye mapezi kama tanga la ngalawa, hukua mpaka mwili wake ukafikia sentimita 15, na anapokua neoni kwake ni kitoweo. Beta madume wawili katika tangi moja hawatoani upweke. Watararuana mpaka mmoja afe au wote wawili wachakae. Na yule mramba kioo anauzwa akiwa na urefu wa kidole, lakini yule wa kawaida hupita sentimita 30, yaani upana mzima wa tangi lenu, na kazi yake ya usafi imepambwa kuliko ilivyo, kwa sababu anayekula mwani naye huenda haja, tena kwa wingi.

Kuhusu ukubwa, hesabu ya fundi ni lita 40 na nusu. Ukiweka mchanga sentimita tatu na ukaacha sentimita nne juu ili wasiruke, unabakiwa na lita 31. Kila wiki unatakiwa ubadilishe robo ya maji, yaani lita 8 hivi, ambazo ni ndoo moja isiyojaa sana. Hiyo ndoo moja, dada yangu, ndiyo itakayokuamulia idadi ya samaki. Mwenye mfereji sebuleni anaweza kuongeza wawili watatu akajilipia kwa kubadilisha maji mara nyingi zaidi. Mwenye ngazi za ghorofa ya tatu hawezi kuahidi hivyo.

Kijana wa Nungwi

Maalim, shikamoo. Naomba kuuliza kwa nini tunahangaika na samaki wa Amerika ilhali tumezungukwa na bahari. Maji yakipwa huku kwetu, katika vidimbwi vya mwambani unakuta vitatange wadogo wa manjano, bunju wachanga, na samaki wa kila rangi ambao hakuna duka litakalokuuzia mfano wao. Maji ya bahari ni bure na samaki ni bure. Mama achukue madumu mawili, ajaze, amalize.

Maalim wa Wete

Marahaba, mwanangu. Swali lako ni zuri na mimi mwenyewe nililijaribu nikiwa na umri wako, tena kwa tangi kubwa kuliko hili. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila lita. Katika tangi dogo maji hupungua kila siku kwa kukaushwa na hewa, lakini chumvi haiendi popote, kwa hiyo kila jioni unapaswa kurudishia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa kipimo, na siku ukisahau samaki anaogelea katika maji makali kuliko ya bahari. Bahari yenyewe haibadiliki hivyo, na wanyama wake hawakuumbiwa mabadiliko hayo.

Halafu tazama hao uliowataja. Vitatange wengi hula matumbawe hai, na ukiwapa chakula cha chenga wanakitazama tu mpaka wanakonda na kufa. Bunju ana sumu mwilini, na meno yake humaliza konokono, kamba na mapezi ya wenzake. Wale wadogo wa vidimbwini mara nyingi ni watoto wa samaki wakubwa. Chewa wa urefu wa kidole bado ni chewa. Na nakukumbusha kwamba si kila mwamba ni wa kuchukua: mwamba wa magharibi ya kisiwa cha Chumbe ni hifadhi isiyovuliwa tangu 1994, na kwa sababu nzuri. Ukitaka kumfurahisha mtoto kwa samaki wa bahari, mpeleke wakati wa bamvua maji yanapokupwa, atazame, kisha arudi mikono mitupu.

Mfugaji wa Jang'ombe

Wa alaykumu s-salaam nyote. Maalim amesema kweli na mimi sina elimu ya kumzidi, ila nina miaka mingi ya kuchota maji, kwa hiyo naomba niongeze yale yanayopatikana kwa mazoea.

Kwanza umeme. Wenzangu wa umri wangu wanalikumbuka giza lile la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilipokaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme wa waya wa baharini. Nilikuwa na matangi manne. Pampu zote zilinyamaza, na majenereta yalikuwa ya friji na mataa, hakuna aliyefikiria samaki. Nilipoteza karibu wote wa tangi kubwa, kwa sababu lilikuwa limejaa. Aliyebaki mzima kana kwamba hakuna kilichotokea ni beta mmoja wa buluu aliyekuwa peke yake katika tangi dogo la lita 20, na gapi wachache waliokuwa katika beseni pana barazani lenye majani ya majini. Niliwatazama kwa miezi mitatu nikajifunza kuliko nilivyojifunza katika miaka yote iliyotangulia.

Beta ana kiungo karibu na mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu kama sisi, ndiyo maana huko Thailand hukaa katika mabonde ya mpunga ambako maji yamesimama na hewa ndani yake ni haba. Joto letu kwake ni raha. Kwa hiyo kama mama anataka samaki mmoja, mwenye sura, anayemjua anayemlisha na kumfuata kidole nje ya kioo, basi beta dume mmoja katika tangi hili atakuwa sultani. Mmoja tu. Usimchanganye na gapi madume, kwa sababu akiona mikia mirefu ya rangi hudhani ni mpinzani. Na maji yasijae mpaka juu, kwani akizuiwa kufika hewani huzama akafa, samaki kufa maji, jambo la kuchekesha lisilochekesha. Juu yake weka mfuniko wenye matundu, kwa sababu huruka.

Gapi ndio wangu wa pili, na kwa mtoto huenda wakawa wa kwanza. Hapa naomba nisisitize: madume pekee. Madume ndio wenye rangi na mikia, na hakuna wawili wanaofanana, kwa hiyo mtoto anaweza kumpa kila mmoja jina. Majike ni wakubwa, wa kijivu, na kila baada ya wiki nne hivi jike mmoja huzaa watoto hai, ishirini, thelathini, mara nyingine zaidi. Tena usidhani ukinunua majike watupu umeokoka, maana jike aliyepandwa mara moja huhifadhi mbegu ya dume na kuzaa kwa miezi kadhaa bila dume kuonekana. Ndugu yangu mmoja alianza na watano, na kabla ya mwaka kupita alikuwa akibisha hodi kwa majirani na vifuko vya nailoni mkononi.

Wapo pia wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaokaa ndani ya makombe ya konokono, Neolamprologus multifasciatus kwa jina lao la kitaalamu, dume hafiki sana zaidi ya sentimita 5. Maji ya ziwa lile ni magumu na pH yake iko juu ya 8, kwa hiyo maji yetu wanayaona ni ya nyumbani. Ukiwamwagia mchanga na makombe matupu ya konokono, kila mmoja huchagua lake, akachimba mchanga kwa mdomo na kuujaza uwanja wa jirani, na ugomvi wao wa mipaka ni tamthilia. Kasoro zao ni mbili: si rahisi kuwapata huku visiwani, na joto la kupita nyuzi 28 hawalipendi. Kwa nyumba ya chini yenye kivuli ningewataja wa kwanza. Kwa ghorofa ya tatu Michenzani mwezi wa Februari, nasita.

Jambo la mwisho ni lile tangi la paa. Maji yake saa nane mchana yanaweza kupikia chai. Chota alfajiri, au uyachote na uyaache ndani ya ndoo mpaka yafanane na ya chumbani. Na ikiwa siku hiyo yamekuja ya bomba yenye harufu ya dawa, yaache wazi siku nzima ili klorini itoke.

Mama wa Ghorofani, Michenzani

Nawashukuru sana, Maalim na mzee wetu wa Jang'ombe, na wewe kijana wa Nungwi pia, kwa sababu mwanangu aliposoma habari ya chewa wa urefu wa kidole alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nimempa achague kati ya beta mmoja na gapi madume, akakaa nayo siku nzima. Amechagua gapi, kwa hoja kwamba beta akifa amebaki na tangi tupu, ila gapi mmoja akifa wengine watamfariji. Sikuwa na la kujibu.

Nimebakiwa na maswali mawili. Wangapi? Na je, Maalim, hakuna kabisa samaki wa maji baridi wa hapa hapa kwetu anayestahili kufugwa, au sisi tumepewa wa kukaanga tu?

Maalim wa Wete

Yupo, dada yangu, na umenifurahisha kuuliza. Anaitwa Nothobranchius guentheri, na kisiwa chake ni Unguja. Alielezwa kitaalamu na Pfeffer mwaka 1893 kutokana na samaki waliochukuliwa Zanzibar, na leo wafugaji wa Ulaya na Marekani wanamzalisha majumbani mwao ilhali wengi wetu hatujawahi kumsikia. Dume ana urefu wa sentimita 5 hivi, magamba yake yanang'aa buluu na kijani, na mkia wake ni mwekundu wenye ukingo mweusi. Huishi katika madimbwi ya mvua. Kiangazi kikifika dimbwi hukauka na wote hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope kavu, yakangoja, na mvua ikirudi huanguliwa na kukua kwa haraka ya kushangaza, kwa wiki chache tu wakawa watu wazima. Nilipokuwa nikisomesha Unguja, watoto waliniletea wachache kwa kikombe kutoka bonde lililokuwa nyuma ya skuli. Mara ya mwisho nilipopita hapo, bonde lilikuwa na nyumba mbili na ukuta.

Hata hivyo simpendekezi kwa mtoto anayeanza. Anataka chakula hai, kama viluwiluwi vya mbu, na cha chenga mara nyingi hukikataa. Madume humsumbua jike mmoja mpaka achoke, kwa hiyo kila dume apate majike wawili au watatu. Na hata akitunzwa vizuri umri wake ni kama mwaka mmoja. Mtoto aliyekwisha kuzika wawili asipewe samaki ambaye kifo kimeandikwa katika kalenda yake. Akifika miaka kumi na mitatu, nitafute, tutazungumza kuhusu mayai na tope. Ila sasa hivi mwambie jambo moja: gapi asitupwe kamwe mtaroni wala bondeni, hata kwa nia ya kula mbu, kwa sababu atakula watoto wa huyo mwenyeji wetu na kumnyang'anya chakula.

Kuhusu idadi, sita. Tangi lingebeba wanane, lakini nimeihesabu ndoo na ngazi.

Mfugaji wa Jang'ombe

Naungana na sita. Mwambie muuzaji akukamatie mbele ya macho yako, na utazame pezi la chini tumboni: la dume ni jembamba kama kijiti kinachoelekea nyuma, la jike limefunguka kama kipepeo cha mkono. Asiyekuwa na kijiti usimpokee hata ukipewa bure.

Usiwanunue wiki hii. Tangi jipya halina vijidudu vyema vinavyoigeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitreti isiyodhuru sana, na peke yake huchukua kati ya wiki nne na sita kuvipata, huku ukilitilia chembe ya chakula kila siku kana kwamba samaki wamo. Ninaweza kukufupishia safari. Chujio langu la sponji lina umri wa miaka mitatu na limejaa vijidudu hivyo. Njoo Jumamosi baada ya alasiri na chupa pana yenye mfuniko, nitakukatia kipande na kukujazia maji ya tangi langu humo humo. Kikifika nyumbani kiingie moja kwa moja katika chujio lako na pampu iwashwe. Usikioshe kwa maji ya mfereji, na usikiache kikauke njiani. Ukikutana na mtu wa kuzungumza naye darajani, mwambie una mgonjwa.